Mbwa Wako, Nauli Yako

Msimu wa kwenda nyumbani unakaribia. Watu wameanza kuulizana bei za tiketi, nani ana kilo za ziada kwenye begi, nani atampelekea mama wa fulani dawa zake za presha. Na kwenye simu za vijana wetu limeanza kuingia lile ombi linaloanza kwa kuulizia masomo: "Eti mwanangu, Desemba utakuwepo? Kuna jambo dogo tu tunataka utusaidie."

Jambo lenyewe si dogo. Lina kilo 41, linamwaga manyoya nyumba nzima na linabweka kila mtu wa posta anapopita.

Sisi tunaoandika ni mke na mume, wakazi wa Milton Keynes, na tunafuga mbwa mmoja aina ya German Shepherd. Jina lake Simba, kama mbwa nusu ya wale wa Kilimanjaro. Hatuandiki kwa kuwa sisi ni watakatifu. Kosa tunalolikemea hapa tumelifanya wenyewe, tena kwa ujasiri mkubwa. Na tunachosema ni hiki, bila kuzunguka: mwenye mbwa mkubwa anayesafiri alipie mahali pa kumlaza mbwa wake, aihesabu gharama hiyo pamoja na nauli, na aache kumbwaga mnyama kwa kijana asiyeweza kukataa. Kama fedha ya mbwa haipo, basi fedha ya safari haijatimia.

Desemba 2022 tulikwenda Moshi kwa siku 36. Tulizipigia simu keneli mbili, yaani yale mabanda ya kulaza mbwa kwa malipo ambayo wengi wetu huyaita kwa kejeli "hoteli ya mbwa". Ya kwanza ilikuwa imejaa tangu Septemba. Ya pili ilisema nafasi ipo, pauni 26 kwa usiku kwa mbwa wa ukubwa ule. Tukapiga hesabu: pauni 936. Mmoja wetu akashika kichwa. Pauni mia tisa za kulaza mbwa? Fedha hiyo si inamalizia lenta ya nyumba ya mama? Nusu saa haikupita, tukawa tunampigia kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi, mwaka wake wa pili hapa.

"Shikamoo anti. Hakuna shida anti, mleteni tu."

Kijana alikuwa na chumba kimoja cha juu katika nyumba ya kuchangia watu watano. Hatukuuliza mkataba wake wa pango unasemaje juu ya wanyama. Hatukuuliza wenzake wanne wanasemaje. Hatukuuliza anaingia kazini saa ngapi. Tulipeleka blanketi, mifuko miwili ya chakula, mnyororo, na pauni 50 "ya soda", kisha tukaelekea Heathrow tukijisifu jinsi tulivyookoa fedha.

Wiki ya tatu kijana alirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku ghalani. Alikuta mlango wa jikoni umesukumwa, mfuko wa chakula umechanwa na kubaki mtupu, na Simba amelala chini tumbo limevimba kama ngoma, anatokwa na udenda, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Wenye mbwa wakubwa wa kifua kirefu wanajua maana ya dalili hizo, au wanapaswa kuijua. Kuna ugonjwa ambao tumbo la mbwa hujaa hewa na kujisokota, damu ikakatika njia, na mnyama akafa ndani ya saa chache asipopasuliwa. German Shepherd na Great Dane wamo katika wale wanaopatwa zaidi. Sisi tulilijua hilo. Kijana hatukumwambia. Alilisoma kwenye simu yake palepale, amepiga magoti jikoni.

Akatupigia. Simu zetu za huku tulikuwa tumezizima ili kukwepa gharama, na namba za kule hatukumwachia. Akatafuta teksi. Madereva wawili walipomwona Simba waliondoka, wa tatu alikubali kwa nyongeza. Daktari wa mifugo wa dharura alimpiga eksirei mnyama, akakuta tumbo halijajisokota, limejaa chakula tu kupita kiasi. Akawekewa dripu na kuangaliwa hadi siku iliyofuata. Bili ilikuwa pauni 480. Kijana aliilipa kwa fedha aliyokuwa akidunduliza kwa ajili ya ada. Bima ya Simba, ambayo ingerudisha sehemu kubwa ya gharama ile, ilikuwa kwenye droo yetu. Namba yake hatukumpa.

Tulirudi tarehe 15 Januari. Tulimchukua Simba, tukampa kijana shati la kitenge na pakiti ya korosho. Na mmoja wetu, hatutasema ni nani, akamshika mbwa mbavu na kusema mbele ya kijana yule: "Mbona amekonda hivi?"

Hakujibu kitu. Alicheka tu.

Habari hii tuliipata Machi, msibani Northampton, kwa mwenzake aliyekuwa akiishi naye. Ndipo tulipojua pia kwamba jirani alilalamikia kubweka, kwamba mkataba wa pango ulikataza wanyama, na kwamba mwezi Februari kijana alitakiwa kuhama. Tangu hapo alikuwa akilala sebuleni kwa rafiki yake. Miezi miwili tunakutana naye, anatuamkia, anauliza Simba hajambo.

Sasa tutaambiwa: jamani, sisi ni watu wa kusaidiana, msituletee Uzungu. Tumelisikia neno hilo kwenye mkutano, na tunalijibu. Kusaidiana ni kwa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema "hapana" na siku ya pili wakanywa chai pamoja. Angalieni basi ni nani anayeombwa kulea mbwa. Mwenyekiti wa chama ana nyumba ya vyumba vinne na bustani yenye ukuta. Je, kuna aliyewahi kumpelekea Rottweiler? Tunapita nyumba tano za watu wazima wenzetu zenye bustani, tunaenda kugonga kwa mwanafunzi mwenye chumba kimoja, au kwa binti anayesubiri karatasi zake, au kwa yule mgeni aliyefika juzi ambaye sisi ndio tuliompokea uwanja wa ndege. Tunawachagua kwa sababu wanatuamkia shikamoo. Mtoto aliyelelewa vizuri hajui namna ya kumkatalia mtu anayempa shikamoo, nasi tunalijua hilo tunapobonyeza namba yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huku ughaibuni tumeongeza kanda lenyewe liwe na meno, na bado tunashangaa kwa nini mbebaji anatoka jasho.

Wala tusisingizie utamaduni. Nyumbani mbwa mkubwa hahami. Mwenye nyumba akisafiri kwenda Dar, mbwa anabaki kwenye uwanja wake, ndani ya uzio wake, na mlinzi anayemfungulia usiku na kumpikia ugali na dagaa analipwa mshahara kila mwezi. Ni utamaduni gani huo wa kumchukua mbwa wa mzee na kumfungia kwenye chumba cha mpangaji, bila malipo, mwezi mzima, katikati ya baridi? Huo tumeutunga wenyewe, na tumeutunga kwa sababu unapunguza gharama.

Liko na suala la sheria, ambalo wengi hawalijui, nasi hatukulijua. Hapa England na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inambebesha wajibu kila mtu anayemshika mnyama, awe wa kudumu au wa muda. Mahali pafaapo, chakula kinachostahili, nafasi ya kuishi kama mbwa, kukingwa na maumivu na maradhi: yote hayo yanakuwa juu ya kijana wako tangu dakika unapomkabidhi mnyororo. Na Sheria ya Mbwa Hatari ya 1991, licha ya jina lake, haihusu aina zilizopigwa marufuku pekee. Mbwa yeyote, hata yule "mpole sana, hajawahi kumgusa mtu", akitoka nje ya udhibiti kiasi cha kumtia mtu hofu ya kuumizwa, anayeshitakiwa ni mwenye mbwa pamoja na yule aliyekuwa naye wakati huo. Tangu Mei 2014 sheria hiyo inafika hadi ndani ya nyumba na bustani. Mtu akijeruhiwa, kifungo kinaweza kufika miaka 5.

Mfikirieni sasa binti wa kilo 52 anayemtembeza mbwa wa kilo 41 kandokando ya ziwa la Willen, asubuhi yenye barafu, mbwa amkose bwana wake wiki mbili, na mbele aje mtoto anakimbia na mpira. Kama binti huyo ana kibali cha kuishi cha muda, anajua shauri la polisi lina uzito gani kwenye maombi yake yanayofuata. Sisi tulio na pasipoti nyekundu au ya buluu tumeshasahau hofu hiyo. Ndiyo maana tunaweza kumwachia mtu mnyororo na kuondoka tunapiga mluzi.

"Basi tutamlipa." Vizuri, lakini hata hapo mwangalieni mtu mnayemlipa. Viza ya mwanafunzi haimruhusu kujiajiri wala kufanya biashara. Na anayefanya kazi ya kulaza mbwa za watu nyumbani kwake kama biashara hapa England anatakiwa awe na leseni ya halmashauri. Mnapomgeuza mwanafunzi kuwa keneli, mnampa kazi inayoweza kumharibia viza. Shukrani ya shati la kitenge haina kosa kisheria, lakini hailipi bili ya daktari.

Kuna jambo jingine tunalolitaja kwa adabu, kwa kuwa nyumba yetu ni ya Kikristo na si kazi yetu kutoa fatwa. Wengi wa vijana wetu ni Waislamu wa pwani na visiwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kijana mwenye chumba kimoja analala hapo, anakula hapo, anaswali hapo. Kumletea mbwa katika chumba hicho na kumwambia "ni wiki chache tu" ni kumdharau. Tunamfahamu mmoja aliyekubali, kwa sababu aliyemwomba ndiye aliyemtafutia kazi. Alikuwa akienda kuswali kwa jirani mwezi mzima.

Wapo watakaosema keneli ni jela, mbwa analia, anarudi na kikohozi. Hoja hii tunaiheshimu kuliko zile nyingine, maana angalau inamfikiria mbwa. Ni kweli kuna mbwa wanaodhoofu kwenye mabanda, hasa wazee na wale ambao hawajawahi kulala nje ya kwao. Ni kweli pia kwamba keneli hazilingani. Lakini anayeikataa keneli kwa huruma hiyo, kisha akamfungia mbwa mkubwa kwenye korido ya nyumba ya watu watano ambao wote wako kazini, atueleze huruma yake imeishia wapi. Keneli yenye leseni inakaguliwa. Korido haikaguliwi na mtu.

Tuliyojifunza tangu wakati ule ni machache, na tunayatoa kwa yeyote anayetaka. Chini ya kanuni za 2018, keneli za England hupewa leseni na halmashauri, na leseni huja na nyota kati ya 1 na 5. Leseni inapaswa kubandikwa mahali inapoonekana. Usiione, ondoka. Nenda uone banda lenyewe, si picha zake. Kwa mbwa mkubwa uliza maswali ya ukubwa: je, anaweza kujinyoosha na kugeuka bila kugusa kuta, anatolewa mara ngapi kwa siku, na nani anamtoa, maana mtumishi mmoja mwembamba hawezi kuwavuta Rottweiler watatu. Mabanda yanayowafaa mbwa wa ukubwa huo ni machache kuliko ya mbwa wadogo, na huisha kwanza. Sisi sasa nafasi ya Desemba tunaiweka Julai, kabla hata ya kununua tiketi. Kadi ya chanjo wataitaka, na nyingi zinataka na chanjo ya kikohozi cha mbwa, ambayo haipigwi siku ya kuondoka. Mlaze huko usiku mmoja au miwili mwezi Oktoba ukiwa bado upo mjini. Simba usiku wa kwanza hakula. Wa pili alikula. Tulisafiri tukijua hivyo.

Anayeona keneli haimfai mbwa wake anaweza kumlipa mtu mzima, mzoefu, mwenye bima, aje alale nyumbani kwake. Mbwa anabaki kwenye bustani anayoijua na majirani waliokwisha kumzoea. Si rahisi kwa fedha, ila kwa mbwa mzee huenda ikawa bora.

Wenye mbwa wa XL Bully, ambao tunajua wapo wawili au watatu kwenye chama hiki, wana hesabu yao peke yao. Tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kumfuga hapa England na Wales bila cheti cha msamaha, na masharti ya cheti hicho yanataka mbwa akae kwenye anwani ya mwenye cheti, isipokuwa siku 30 tu katika miezi 12. Safari ya wiki tano imeshavuka. Mtu huyo asijidanganye kwamba atamficha kwa mpwa wake Luton. Afupishe safari, au mmoja wa nyumba hiyo abaki.

Na yule aliyetuambia tungemchukua tu Simba twende naye Moshi, tunamjibu kwa kifupi. Kutoka ni rahisi. Kurudi Uingereza kutoka nchi kama Tanzania au Kenya kunataka chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu, dawa ya minyoo ndani ya muda uliowekwa, cheti cha daktari, na mbwa aingie kama shehena ya ndege. Gharama yake inaifanya pauni 936 ionekane kama nauli ya basi.

Hatusemi mbwa asiachwe kwa rafiki kamwe. Mwenye nyumba yake, mwenye uzio, aliyezoea mbwa, anayeweza kutuambia "mwaka huu hapana" bila kutetemeka, huyo aombwe. Na akikubali aachiwe karatasi: jina na simu ya daktari wa mifugo, namba ya bima, ruhusa ya maandishi ya kumtibu mnyama na kiasi tunachokubali kulipa, namba zetu za kule zinazopatikana mchana na usiku, na fedha taslimu ya dharura. Sisi karatasi hiyo sasa tunayo, imebandikwa ndani ya kabati la chakula cha Simba. Inachukua nusu ukurasa. Mwaka 2022 ilikuwa ituchukue dakika kumi kuiandika, tukaona ni kazi.

Pauni 480 tulimrudishia kijana wiki ileile tuliyojua. Alikataa mara mbili, tukamwekea benki. Chumba hatukuweza kumrudishia. Tulimpa chumba chetu cha wageni hadi Juni, alipomaliza mitihani, na siku ya kwanza Simba alimpokea mlangoni kwa furaha kuliko anavyotupokea sisi.

Mkutano wa chama wa mwezi ujao una ajenda ya safari za Desemba. Tutaomba jambo moja liandikwe kwenye kumbukumbu: kwamba mwanachama asimwombe mwanafunzi wala mgeni asiye na makazi ya kudumu kulea mbwa wake. Tunajua nani atapinga, na tunajua mbwa wake analala kwa nani mwaka huu. Na mwenye mbwa mkubwa na nyumba yake, anayetaka tubadilishane zamu, sisi tumlelee wake wakati wa Pasaka naye atulelee Simba Agosti, atuone hapo ukumbini kabla ya chai.